Mawe Uliyompa Munira

Ng'ong'ona, Dodoma
28 Desemba

Kwa dada yangu mpendwa Mwajabu,

Assalaam aleikum, na shikamoo yangu uipokee kabla ya mengine yote. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, na miwani iko puani, si juu ya kilemba ambako huwa inatulia huku wewe ukiitafuta nyumba nzima. Goti je? Nurdini alipopita hapa na magunia yake ya alizeti aliniambia umerudia kupanda mlimani na jembe lako. Nilitaka kukasirika, nikaona hasira nayo inahitaji nguvu. Mvua huku imenyesha mara nne, zote za kututania. Mimi siumwi popote, alhamdulillahi, ila nimechoka, dada. Ni uchovu wa kulala nao na kuamka nao.

Ijumaa uliponipigia simu ukaniuliza umemkosea nini Munira, nilikujibu kwamba mtandao unakatakata. Mtandao haukuwa na tatizo lolote. Ulitaka kujua mbona tangu shule ifungwe mtoto hapokei simu zako, mbona mwaka huu amekataa kuja Kolo likizo, na mbona ile asali na unga wa mlenda uliompa kondakta amletee hajasema hata ahsante. Nilisikia sauti yako ilivyokuwa ikitetemeka. Wewe ndiye uliyempokea baada ya mama yake kufariki, akiwa bado anatambaa, ukamlea mpaka darasa la tatu, na hapa duniani hakuna mwingine anayekuita mama. Una haki ya kupata jibu zima. Jibu lenyewe linaanzia kwa yule mnyama wa majini, kwa hiyo nivumilie.

Mapozi unamkumbuka, ingawa ulimwona kwenye picha tu ukasema astaghfirullah. Ndiye aliyeachwa na Dokta Meshack alipohama kutoka pale Chimwaga, kwenye maabara ya chuo ninakoosha vyombo na kulisha viumbe vya watu, nami nikamchukua nyumbani. Wataalamu wanamwita aksoloti. Urefu wake ni kiganja na vidole, rangi yake ya waridi iliyopauka, ana miguu minne kama mjusi lakini hatoki majini maisha yake yote, na pande zote mbili za kichwa ana matamvua mekundu yaliyochanua kama manyoya. Mdomo wake umeumbwa kana kwamba anakucheka. Munira ndiye aliyempa jina, kwa jinsi anavyotulia kwenye tangi lake la kioo kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mtoto alimpenda kuliko nilivyodhani mtu anaweza kukipenda kitu kisichobebeka.

Mwezi wa sita alipokuwa kwako mliokota vijiwe vya mtoni vya kupamba nyumba ya Mapozi. Munira alinisimulia kwamba alisita, akakwambia Dokta ameonya juu ya mawe madogo, maana mnyama huyu hana adabu ya kula, hufungua mdomo na kuvuta kila kilicho mbele yake. Wewe ukacheka. Ukamwambia mawe ya Kolo yamekanyagwa na ng'ombe wa babu zetu na hayajamdhuru mtu, ukayachemsha kwenye sufuria, ukamfungia kwenye pindo la khanga. Na kweli yalipendeza. Mwezi wa saba akaenda shule kuanza kidato cha tano, akaniachia Mapozi pamoja na karatasi ya maagizo aliyoibandika ukutani kwa mkono wake.

Karatasi ile niliisoma mpaka nikaijua kwa moyo. Ilisema akiwa mzima matamvua hutanuka nyuma, na yakianza kujikunja kuelekea mbele, kuna kitu majini kinachomkera. Ncha ya mkia ikijipinda kama ndoana, ujue ana dhiki. Akikataa chakula siku mbili, usimlazimishe, pima kwanza joto la maji. Maji ya bomba yakae wazi siku tatu kabla ya kumpa. Hapo chini aliandika kwa herufi kubwa kwamba dawa ya kuulia vijidudu isiguse maji yake kamwe. Nilijiona nimekuwa mganga wa zahanati yenye mgonjwa mmoja.

Halafu likaja joto la mwezi wa kumi. Unalijua joto letu, na yule bwana anataka maji ya baridi kama ya kisima chako alfajiri. Akagoma kula, akapauka, akawa anapanda juu kugugumia hewa kila mara. Jirani yangu Emiliana, mama wa Kigogo anayeuza juisi na barafu, alinigandishia maji kwenye chupa, nikawa naziweka zielee kwenye maji yake, moja ikiyeyuka naleta nyingine. Nilitandaza kitambaa kibichi juu ya kioo na kukielekezea feni, mimi mwenyewe nikikaa nikitokwa jasho. Emiliana kila asubuhi alikuwa ananiamkia kwa kuuliza mgonjwa ameamkaje, mimi hata hanijali. Kwa wiki sita nilitoka kazini mbio kwa ajili ya chupa. Lakini nilimvusha, dada. Alirudi kula minyoo kutoka kwenye kibano, matamvua yakawa mekundu, nikampigia Munira simu shuleni kupitia kwa matroni nikamwambia kwa majivuno kwamba mtu wake ni mzima.

Mwanzoni mwa mwezi huu, siku tisa kabla ya Munira kurudi, akaugua tena, na safari hii ulikuwa ugonjwa wa aina nyingine. Asubuhi nilimkuta anajirusha huku na huku, anajigonga kwenye kioo, yeye ambaye huwa hana haraka na lolote. Mwili ulikuwa umetoa utelezi mzito, na yale matamvua yamesinyaa na kupoteza rangi. Nilimtoa nikamweka kwenye beseni lenye maji ya kunywa ya chupa za dukani, nikawa nabadilisha kila siku. Nilimwogesha kwenye chai ya rangi iliyopoa, isiyo na sukari, kwa sababu Dokta Meshack alinieleza kwa simu kwamba inatuliza ngozi. Emiliana akauliza kama na maandazi nimemkaangia. Siku ya tatu ukamwota ukungu mweupe kama pamba kwenye matamvua, nikazunguka soko zima kutafuta chumvi isiyotiwa madini joto, nikamchovya dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, nikihesabu kwa saa ya mkononi. Siku ya saba, Alhamisi, kabla sijaenda kazini, nilimkuta ametulia chini ya beseni na hakushtuka nilipomgusa. Nililia. Nakwambia wewe tu, mwanamume wa miaka hamsini na miwili nimechuchumaa mbele ya beseni nikalia.

Munira alifika Jumamosi na begi lake. Hakuniamkia hata, alikwenda moja kwa moja kwenye kioo kitupu, akasimama pale. Nilimweleza kwamba amefariki. Akaniuliza kama ni mawe. Aliuliza yeye, dada, mimi sikuyataja. Nikamjibu huenda. Akaniuliza tena, akitaka neno moja, kama yalimkwama tumboni. Nikamjibu ndiyo.

Akasema alijua. Akasema alikwambia na ukacheka, na kwamba kwako wewe kitu anachokijua mtoto hakiwezi kuwa kweli. Maneno mengine sitayaandika. Tangu siku hiyo ukipiga simu anaigeuza kifudifudi mezani na kuiacha ikinguruma. Asali yako hakuigusa. Nimeila mimi, kijiko baada ya kijiko.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika. Mapozi hakumeza jiwe. Hakuweza kumeza jiwe, kwa sababu mawe yako niliyatoa yote mwezi wa saba, wiki ya pili tu baada ya Munira kuondoka, nilipomwona analivuta moja pamoja na mnyoo kisha akalitema. Yamo ndani ya kopo la siagi kwenye rafu ya maabara kazini, na sikumwambia mtoto nisimuudhi bure. Mapozi nilimuua mimi.

Maji kwetu yanakuja kwa zamu, kwa hiyo nina mapipa mawili. La bluu ni la kwetu, jeusi ni la Mapozi, linakaa wazi siku zake tatu. Mwanzoni mwa mwezi gari la matangazo lilipita kutuonya juu ya kipindupindu, na mhudumu wa afya wa mtaa akapita nyumba kwa nyumba akigawa vidonge vya klorini, akituomba tusiache pipa lolote. Nilikuwa nimetoka kazini miguu inawaka. Nikatia kwenye la bluu. Nikasimama mbele ya jeusi, nikawaza kwamba la bluu likiisha tutakunywa humo, nikatia na humo, nikajiambia nitaliacha likae wiki nzima kabla ya kumpa. Kesho yake ilikuwa siku ya kumbadilishia maji. Mikono ikafanya kazi iliyoizoea, kichwa hakikuwepo. Nilichota pipa jeusi nikammiminia. Asubuhi niliposikia ile harufu ikitoka kwenye kioo nilijua papo hapo, kabla sijayaangalia matamvua yake. Maagizo ya mwanangu yalikuwa ukutani, kimo cha macho yangu.

Ningeweza kumwambia. Angelia, angenuna, angenisamehe, kwani nani hajui kwamba baba yake amechoka? Lakini aliponiuliza kama ni mawe, ni kama alinifungulia mlango, nikapita. Nilidhani nitamwambia jioni. Jioni nikasema kesho. Huku nikimwona anaigeuza simu yako kifudifudi, na mimi nimekaa hapo hapo nakunywa chai. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, ila mimi nimekuliza na wewe, uliyekuwa mbali na usiye na kosa. Kumuua mnyama ilikuwa bahati mbaya. Kukunyang'anya mtoto wako nilifanya nikiwa macho. Nisamehe, dada Mwajabu.

Kwa nini barua na si simu? Kwa sababu kesho Munira anapanda basi la Babati, kwenda kumalizia likizo kwa mama yake mdogo Amina, na basi hilo linapita hapo kwako Kolo. Nimemwomba akupelekee bahasha hii. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa sharti kwamba hatashuka, ataipitisha dirishani kwa Hamidu mwenye duka hapo kituoni, naye Hamidu akuletee. Nimekubali sharti. Bahasha sijaifunga, na juu yake nimeandika kwamba aisome yeye kwanza basi likishapita Kondoa.

Kwa hiyo Munira, mwanangu, najua wewe umefika hapa kabla ya shangazi yako. Naogopa macho yako, ndiyo maana nimekuachia karatasi. Ukitaka kunigeuzia simu kifudifudi mimi, nimestahili. Yeye hakustahili.

Dada, nisalimie Bashiri na watu wake, na umwambie mbegu za mtama alizoahidi nazingoja. Wape pole wafiwa wa kule mtaa wa juu, nimesikia. Emiliana anakusalimu ingawa hamjaonana. Goti ulikande kwa maji ya moto na jembe ulipumzishe, najua hutanisikia lakini nimesema.

Hivi unavyosoma, wewe unalijua jambo ambalo mimi nimekaa hapa silijui: ni mkono wa nani uliokupa bahasha hii. Kama ni wa Hamidu, usimpigie mtoto, muache, nitamfuata mwenyewe Babati nikaongee naye. Kama ni wa Munira, usimuulize chochote. Mpe maji ya kunywa akae. Kisha nitumie ujumbe wenye jina moja tu, nitaelewa.

Ndimi mdogo wako,
Abdulwahab