Sindano Isiyo na Uzi

Kabeza, Kigali
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu mpendwa Daphrose,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na shemeji Ndihokubwayo, pamoja na Ingrid wenu ambaye naambiwa sasa amekuzidi kimo. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima, na kwamba lile goti lako limepunguza ukaidi. Mimi huku ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nafungua duka. Ukiniuliza juu ya moyo, hapo ndipo nimelazimika kushika kalamu.

Barua hii anakuletea Mama Kirezi, yule mwuza vitenge, ambaye tangu mpaka ufungwe huzunguka kwa njia ya Tanzania ili afike kwenu Bujumbura. Nimempa na kifurushi. Nakuomba sana usikifungue kabla ya kumaliza kusoma. Nakujua vizuri: tulipokuwa wadogo ulikuwa ukifungua zawadi za Noeli za watu wote kisha unazifunga tena kama malaika. Safari hii vumilia.

Wiki ile ya msiba uliniuliza kwenye simu cherehani ya mama iko wapi, nikakuambia sikusikii, mtandao unakatika. Haukukatika. Nilikata mimi. Nilijua unataka ibaki nyumbani kwetu, na sikuwa na nguvu ya kukueleza huku nyumba imejaa watu wa kilio, wengine wakiniuliza sukari iko wapi. Leo nakueleza yote.

Unajua kazi yangu ilivyokuwa. Ile cherehani ya kukanyaga, ambayo mama aliipandisha juu ya lori kutoka Bujumbura wakati watu wenye akili walipandisha magodoro, ndiyo iliyonilisha miaka yote hii. Unakanyaga, unasogeza lile duara la mbao lililobana kitambaa kwa mikono miwili, na ua linatoka jinsi mkono wako ulivyoamka siku hiyo. Kwa mashuka ya maharusi hiyo si kasoro. Lakini siku hizi wanaoniletea kazi ni shule, na shule inataka nembo nyingi zilizofanana. Mkuu wa shule moja ya hapa karibu alizipanga nembo zangu mezani, akaniambia kwa upole kwamba simba wake wengine wanacheka na wengine wana njaa. Nilicheka naye pale ofisini. Nilipofika dukani nikalia.

Basi nikaanza kutafuta mashine ya kompyuta. Nilitamani yenye sindano nyingi, inayobadilisha rangi yenyewe wakati wewe unakunywa chai, lakini mfuko wangu haukutaka hata kusikia habari hiyo. Rwema, ambaye anauza mashine za mitumba mjini, alinionyesha ya sindano moja iliyokwisha fanya kazi Kampala. Simlaumu, alinishauri kwa haki. Aliniambia nisitazame uzuri wa kioo chake, nitazame kama fremu inatosha nembo ya kifuani, niisikilize inaposhona kwa kasi, kisha nigeuze kitambaa nione kama uzi wa chini umelala vizuri au umefanya mafundo. Kila rangi ningeibadilisha kwa mkono wangu, lakini simba wote wangekuwa na uso mmoja. Akiba yangu ilifika karibu na bei, haikufika kwenyewe. Rwema akasema atakifuta kilichopungua nikimpa cherehani ya zamani. “Madamu, hii yako iko chuma ya kweli,” alisema. “Gahanga kule wanaitafuta sana.” Nikamwomba aniache nifikiri kwanza.

Nilichokuwa nafikiria ni mama. Nilikuambia kwamba anasahau, lakini sikukuambia amesahau nini. Dada, mama alinisahau mimi. Jina lako alikuwa nalo. La baba alikuwa nalo, na majina ya masista waliomfundisha kudarizi, hata la mbwa wa jirani wetu wa Ngagara, kule Bujumbura. Mimi alinichukua kuwa mwenye duka. Aliniita Madamu. Asubuhi nilimwogesha, nikamvika, tukavuka barabara pamoja hadi dukani, naye akikaa kwenye cherehani yake alinisalimu upya kwa adabu ya mtu aliyeajiriwa. Jioni alikunja kitambaa chake, akasimama mbele yangu na kuniuliza kama anaweza kwenda, maana ana binti yake atakayekuja kumchukua. Nilimwambia ndiyo, mama, nenda. Kisha nilikwenda nyuma, nikavaa sweta, nikatoka kwa mlango mwingine na kuja kumchukua. Wakati mwingine alifurahi. Jina hakulitaja.

Nilijaribu kila kitu. Nilimwonyesha picha, nikamwimbia nyimbo za komunyo yangu ya kwanza, nikajitaja mwenyewe mbele yake mpaka nikaona haya. Ndege zilipopita juu yetu kwenda kutua Kanombe aliinua macho, akasema labda ni Daphrose anakuja. Sitakuficha, nilikuonea wivu. Wewe uliye mbali ulikuwepo, na mimi niliyemkata kucha sikuwepo. Kitu pekee nilichotaka, kabla hajaondoka, ni aniite kwa jina langu mara moja tu.

Kazi hakuisahau. Mguu ulikanyaga, mikono ilizungusha duara, na hapo ndipo nilipofanya jambo lililonikaa rohoni. Zile nyuzi zinazong'aa ni ghali, nami nilikuwa nabana kila kitu kwa ajili ya mashine mpya. Mama alizimaliza kwa kushona juu ya alipokwisha shona, mafundo yakajaa chini ya sindano. Nikaondoa uzi. Nikatoa na bobini ya uzi wa chini. Nyuzi zote nzuri nikazifungia kabatini, na badala ya kitambaa nikampa vipande vikubwa vya ile karatasi ngumu tunayoweka chini ya nguo ili isijikunje tunapodarizi. Aliitazama sindano tupu, akanitazama mimi, akatabasamu kidogo, kisha akaanza kukanyaga. Nikasema moyoni, haoni tofauti. Nilimchukua kama mtoto aliyepewa kikombe kitupu ili anyamaze.

Akawa anafanya hivyo kila siku, sindano inatoboa matundu tu. Wateja walipouliza nilisema mama anajipumzisha. Mutoni, jirani yangu wa duka la maziwa, alimwuliza siku moja ni kazi gani hiyo, mama akamjibu kwamba ni kazi ya harusi na asimcheleweshe. Nilijua ni harusi yako. Unakumbuka yale mashuka yako, maua ya waridi kwenye kona, na majina katikati, Daphrose na Ndihokubwayo? Unakumbuka mama alivyokuwa wiki zile, vidole vyake vya bluu, hata ugali tuliula una alama za bluu? Nilisema maskini, amerudi kule, anamshonea Daphrose tena.

Halafu ikaja asubuhi moja ya mvua ambapo alisimamisha mguu kabla ya saa za jioni. Aliifungua sindano kwenye cherehani, akaichomeka kwenye blauzi yake, akaifunika cherehani kwa kitambaa chake. Aliipigapiga mara mbili kwa kiganja. Kisha akaja kuniambia, Madamu, nimemaliza. Kesho yake hakutaka kukaa pale tena. Nilimsogezea kiti, akakataa. Nikaona kwamba sasa amesahau hata kazi, na kwamba basi hakuna tena kitu cha kufikiri. Nikampigia Rwema. Vijana wake waliibeba cherehani mama akiwa mlangoni anatazama, nami nikatia saini kwenye kioo cha simu kama mtu anayepokea mkate.

Baada ya hapo hakuwa na siku nyingi. Homa, kifua, hospitali, na yale unayoyajua. Uliifuata misa kwenye simu ya Mutoni, na nilikusikia ukilia ndani ya kile kisimu hadi padri akageuka. Wewe ulidhani ninalia kwa sababu amekufa. Nililia pia kwa sababu niliamini nimemuua. Nimemnyang'anya uzi, halafu nikamnyang'anya na cherehani, ili simba wa shule wapate uso mmoja. Ndiyo maana nilikata simu.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Tulipokwisha fanya gukura ikiriyo, kuondoa matanga, na watu kurudi makwao, nilirudi kazini, maana shule ilikuwa inangoja. Karatasi ngumu ikanipungukia. Katika kona ya mama nikakuta bomba la kadibodi lililobaki baada ya karatasi kwisha, na ndani yake kipande kimoja kikubwa kimeviringishwa vizuri. Nikafurahi, nikakibana kwenye fremu chini ya shati la shule. Shati likakaa upande, nikalitoa ili nilipange upya. Mashine ilikuwa imewashwa, na ile taa yake ndogo ikapenya karatasi kwa chini ya mkono wangu, vitundu vidogo vidogo vyenye mwanga, vimefuatana kwa mstari. Kidole kilikuwa tayari karibu na kitufe cha kuanza. Nikakiondoa.

Nilikwenda na karatasi dirishani. Dada, wewe umeshaelewa, maana ulifundishwa na masista wale wale. Mimi ndiye niliyezoea michoro ninayoletewa kwenye simu na nikasahau kabisa mchoro unavyoanza. Unaanza kwa sindano isiyo na uzi. Unatoboa karatasi kwanza, kisha unailaza juu ya shuka na kupitisha bluu ya kufulia kwa pamba, ndipo shuka linashika alama za kudarizi. Vile vidole vya bluu! Nilipomtolea uzi na kumpa karatasi, mama hakudanganyika. Aliona Madamu amempa zana sahihi za kuanzia kazi. Akaifanya kazi hiyo mpaka mwisho, akaniambia amemaliza, akangoja mtu alete shuka na bluu. Madamu akauza cherehani.

Nilikimbia kwa Mutoni kuomba bluu, duka langu wazi, mashine inawaka. Nilitandika shuka jeupe mezani, nikalaza karatasi, nikapitisha pamba. Kwa haraka yangu bluu ilimwagika hadi sakafuni. Nilipoinua karatasi nikaona kwenye kona maua, si waridi zako, ni maua ya kahawa, yale ambayo nilimwomba nikiwa mdogo naye akasema atanifanyia siku yangu ikifika. Na katikati ya shuka kulikuwa na jina langu. Claudette. Peke yake. Hakuacha nafasi ya jina la mtu mwingine, hakuweka “na” inayongoja mume. Aliliweka katikati kabisa, kama jina lililotosha.

Nilikaa chini sakafuni kwenye ile bluu. Hapo ndipo nilipomlilia mama yangu kweli, kuliko makaburini. Kutwa nzima, siku baada ya siku, alikuwa ananiita kwa sindano, hatua chache kutoka kiti changu, na mimi sikuitika. Nilikuwa nasikiliza mdomo wake tu.

Nilimpelekea Rwema picha ya ile kazi nikitaka kujua kama mashine yaweza kuifuata. Alinijibu kwa wema kwamba jina iko rahisi, mashine iko na herufi zake. Inazo kweli, nimezijaribu zote. Mashine yangu inaandika Claudette kwa namna nyingi, zote zimenyooka. Hakuna hata moja yenye mkono wa mama, wala inayoonyesha pale kwenye herufi za mwisho ambapo alichoka, akapotea kidogo, kisha akarudi njiani. Cherehani nilikwenda kuiulizia Gahanga. Mama mmoja anashonea nayo sare za watoto wa komunyo, na ameitunza kuliko nilivyoitunza mimi. Niliishika, nikaiacha. Mashine mpya sijaichukia, usinifikirie hivyo. Inanilisha, na simba wa shule sasa wanafanana hadi wanachosha.

Sasa fungua kifurushi. Kuna karatasi ya mama, usiikunje. Kuna shuka jeupe, nimelifua bluu ya kwanza imetoka, na kuna bluu nyingine kwa ajili yako. Na hizo nyuzi ndizo zilizokuwa kabatini, zile nzuri, nilizomnyima. Nimekuwekea zote. Mkono wa mama umebaki kwako peke yako, dada. Nidarizie jina langu. Usiharakishe, na usimsahihishe. Pale mkono wake ulipotetemeka, na wewe tetemeka. Likirudi nitalitandika kitandani kwangu na kulilalia, sitalifungia sandukuni kungoja siku.

Msalimie sana shemeji, mwambie nimemsamehe ile suti aliyoivaa kwenye picha ya Pasaka. Mbusu Ingrid, na umfundishe kutoboa karatasi kabla macho yako hayajachoka. Majirani wa Kabeza wote wanakusalimu, na Mutoni anasema bado anaikumbuka sauti yako. Mungu awalinde mpaka njia ifunguke tuonane, tukae pamoja kwenye kaburi lake na kumsalimu kwa zamu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa Madamu,

Claudette