Simu ya Kaka Inavyomwona Mama

Jumatatu, 3 Machi
Kaka kanitumia simu kwa mtu wa mizigo. Toleo la juu kabisa! Kwa bei yake ningepata tatu kama hii yangu, na chenji ya kununulia nyuzi za cherehani. Nikamwuliza, kwani yangu ina kasoro gani? Kasema anataka amwone mama vizuri, maana huko machimboni anakofanya kazi mtandao haubebi video, picha tu. Haya bwana. Pesa si zangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimezilinganisha. Kasi? Zote zinapiga simu. Chaji? Yangu inakaa siku mbili, ya kifahari inakata roho saa kumi jioni. Ila kamera — mh! Mama katoka mashavu yamejaa. Nikamtumia kaka, kafurahi, kumbe mgonjwa anaendelea vizuri. Nikageuka kumtazama kitandani. Mashavu hana.

Alhamisi, 6 Machi
Nesi anayekuja kumchoma sindano kanivuta pembeni. Kasema mama anaisha, kama kuna mtoto wa kuitwa aitwe sasa. Nikampigia kaka. Eti natia chumvi, picha si anaziona! Nikamtumia niliyopiga kwa simu yangu — mifupa, midomo mikavu, mama yetu alivyo. Jibu lake: simu yako ya bei poa ndiyo inayomkondesha mama. Nimelia kwa hasira. Gauni la mteja nimelikata vibaya.

Ijumaa, 7 Machi
Mama kaomba aione picha ya simu ya kaka. Kaitazama weee. Kauliza huyu mwanamke nani, na mbona kalala kitandani kwake. Ni wewe, mama, nikamwambia. Kasema huyo hajaumwa hata siku moja. Halafu tena: kaka yako anakuja lini, mwanangu?
Fundi simu wa pale kona kaikagua hiyo simu ya kaka. Kamera haina urembo wowote wa kupamba sura uliowashwa. Kanirudishia haraka, hela hakutaka.

Jumamosi, 8 Machi
Kaka kalegea! Nesi kaongea naye mwenyewe. Kaomba likizo, anaondoka kesho. Mama kasikia, kanishika kidole.

Jumapili, 9 Machi, mchana
Mama kalala tangu asubuhi, chai hajaigusa. Nikampiga picha. Kwenye picha macho yako wazi. Nikadhani kaamka — wapi, kayafumba. Ya pili: wazi, yananitazama mimi. Ya tatu anacheka, meno yote anayo. Mama hana meno ya mbele mwaka wa kumi huu! Simu ikanitoka mkononi.
Kumbe picha zinaenda kwa kaka zenyewe, kaipanga hivyo. Ujumbe ukaingia: leo mama anang'aa, likizo keshaifuta, atakuja mwisho wa mwaka.
Nimempigia, hapatikani. Nesi yuko njiani. Nimemwita mama mara tatu. Mkono wake ninao hapa, wa baridi.
Simu inatetemeka sakafuni. Kaka tena. Anasema nitume nyingine, nimwambie mama acheke kama ile.