Kiini Ninachokisomea Si cha Yai

Afrika Kusini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia kuomba ruhusa yako niendelee na masomo ya uzamivu huku, na kueleza kwa nini siwezi kusimamia banda la kuku analolijenga Baba Mdogo kule Usoke. Goti la Mama linaendeleaje? Nawe, macho bado yanakubali kutunga uzi kwenye sindano? Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku inanilaza na soksi.

Baba, neno “kiini” ndilo lililotufikisha hapa. Ulipowaambia wateja wako wa cherehani pale Isevya kwamba mwanao anasomea viini, Baba Mdogo alielewa vya mayai, akaanza kufyatua matofali. Nilipompigia simu kumsahihisha, alinicheka: “Mwanangu, kama kiini umekiweza, ute utakushindaje?”

Kiini changu ni kile kilichomo katikati ya atomu. Maabarani tunagonganisha viini viwili hadi viungane, na hicho kipya huzaliwa kikizunguka kwa kasi kubwa mno. Kasi hiyo huweza kukibadilisha umbo: kimoja hubapa kama chapati, kingine hurefuka kama mchi. Hakuna jicho linalokiona. Kila kinapopunguza mwendo hutoa miale, nasi kwa kuipima miale hiyo tunatambua umbo lake.

Katika usaili, profesa aliniuliza kama kiini huzunguka chote kwa pamoja, kama jiwe. Nilijibu kuwa kikienda taratibu hufanana na yai bichi ukilizungusha mezani: ganda linakwenda, vya ndani vinabaki nyuma. Kasi ikizidi, hukaribia yai la kuchemsha, linalozunguka lote kwa pamoja. Akawageukia wenzake, “Huyu tumpe nafasi.” Kwa hiyo Baba Mdogo hakukosea sana.

Nafasi ninayo, ila sijajibu. Sitaki kuipokea kwa kukukwepa. Nimedhamiria kurudi kulifundisha somo hili nchini kwetu, na sina shaka nitaliweza. Kuhusu banda, anayejua kuku ni Zawadi, binti wa Baba Mdogo mwenyewe. Hajaulizwa tu.

Nisalimie Mama, dada yangu na shangazi wa Tura. Nitafika Tabora Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Kumkatalia mtu mzima kwa simu si adabu. Naomba unisindikize Usoke kesho yake, Jumamosi, tuwe kwa Baba Mdogo saa nne asubuhi, kabla hajapandisha bati.

Mwanao mtiifu,
Hamisi