Jina la Papa Zacharie kwenye Nyuzi

Alhamisi, 6 mwezi wa nane 1964

Simba, wale waasi, wameingia Kisangani. Jana tulisikia milio ya bunduki upande wa mto Tshopo, leo wanapita barabarani na majani kichwani, wengine na mikuki, wengine na bunduki wasizojua hata kuzishika. Watu wanapiga makofi. Mimi nimefunga mlango nikaweka kinu nyuma yake — kinu! Kitazuia nani?

Amuri mwanangu nimemkataza kutoka. Akasema: mama, mimi natengeneza baiskeli za watu, nani ana neno na mtu wa matairi? Nikamwambia, wewe ulikuwa mpiga gitare wa Lindi Jazz. Akacheka. Lindi Jazz haikujulikana ilipokuwa hai, mama, itajulikana leo imekufa?

Yeye acheke tu. Agathe wa jirani anasema Simba wanauliza kila mtaa: nani alikuwa chama gani mwaka ule wa uhuru? Na Lindi Jazz ilikuwa mali ya Papa Zacharie, mfanyabiashara. Gitare zake, kamyo yake ya mizigo, mashati yake. Na mtaa wetu wote wa Kabondo unajua Papa Zacharie alikuwa chama gani. Kile walichosema ni cha rafiki za wazungu.

Mashati ya njano ya orchestre, bendi yao, yalikuwa bado kwenye sanduku langu. Nimeyachana yote matambara. Satin nzuri vile! Nimelia kidogo, kwa kitambaa, na kwa mengine.


Jumapili, 9 mwezi wa nane

Mvua. Hakuna soko. Tumekula lituma kavu, ndizi za kutwanga bila samaki.

Amuri hawezi kukaa ndani kimya, basi anasimulia. Habari za orchestre. Nimezisikia mara nyingi, lakini leo nimemwacha aseme zote, kwa sababu akisimulia hatazami dirisha.

Anasema walikuwa wanalala juu ya magunia ya mchele kwenye kamyo, gitare limefungwa kwenye blanketi. Blanketi langu la bluu, kumbe! Nilimsingizia mke wa kaka yangu miaka hii yote. Kule Banalia wanangoja bac, kile kivuko, kuvuka mto, wanapiga palepale ukingoni, na watu wa ng'ambo wanacheza, mto uko katikati. Kule Bafwasende wakapewa nguruwe wa porini badala ya malipo, na yeye Muislamu peke yake akala ndizi, wenzake wakimwambia: Amuri, Mungu iko Kisangani, huku hafiki. Kule Buta walipiga harusi mpaka bwana harusi akalala usingizi kwenye kiti, bibi harusi akacheza na shemeji zake.

Hakuna umeme, hakuna micro ya kukuza sauti. Gitare mbili, ngoma, chupa na kijiko, na sauti ya Sébastien, mwimbaji wao. Mara moja walikwenda radio. Mzungu wa radio akasema nzuri, rudini baada ya uhuru. Uhuru ukaja, mzungu akaenda kwao. Hakuna disque, sahani ya muziki, hata moja. Walichopiga kilibaki kwenye masikio ya watu wa vijiji, basi.

Akanionyesha tena jambo la jina. Sébastien ni mtu wa Yanonge, na huko kila mwanaume ana jina la lokole, ile ngoma ya gogo inayosema. Jina refu, lenye sauti za juu na za chini. Likipigwa, mwenyewe anajua anaitwa, hata akiwa mbali mtoni na nyavu. Papa Zacharie naye ni wa Yanonge. Sébastien akamfundisha Amuri kulipiga jina la papa huyo kwenye gitare: uzi mwembamba ndiyo sauti ya juu, uzi mnene ndiyo ya chini. Kila wimbo wa Lindi Jazz ulianza hivyo. Kwanza unamwita mwenye gitare, halafu ndiyo muziki. Papa Zacharie akisikia, anasimama, anapandisha suruali, anacheka kama mtoto.

Amuri alikuwa anasimulia, vidole vinapiga juu ya goti. Nadhani yeye mwenyewe hakuviona.


Alhamisi, 20 mwezi wa nane

Wamemuua Papa Zacharie. Pale monument, kwenye mnara wa mjini, mbele ya watu. Agathe alikuwepo, anasema hakwenda kwa kupenda, walisukumwa. Sitaandika alivyokufa.

Amuri hajala. Anasema tu, alininunulia nyuzi mpya kila safari. Kila safari, mama.

Sébastien amevuka mto, amejificha kwao. Bora.


Jumapili, 13 mwezi wa tisa

Chumvi hakuna. Sabuni hakuna. Niko hai, mwanangu yuko hai. Nimeswali, nimeomba tusahauliwe.


Jumamosi, 10 mwezi wa kumi

Hatukusahauliwa.

Leo mchana amekuja Simba mmoja, jina lake Arthur. Kijana wa umri wa Amuri, amevaa ngozi ya nyani kichwani na saa mbili mkono mmoja. Nilitaka kufunga mlango. Lakini mgeni ni mgeni, nikamletea maji. Akaruka nyuma!

— Hapana kugusa mimi, mama! Mwanamuke akigusa, dawa ya risasi inakufa.

— Sitaki kukugusa, papa. Nataka unywe.

— Weka chini.

Nikaweka kikombe chini. Akainama, akanywa, akacheka:

— Unaona? Nakunywa kama kuku ya kwako.

Nikacheka na mimi. Mungu anisamehe, nilicheka kweli.

Kisha akasema, komanda wao anafanya fête, sherehe, kesho, anataka muziki, na watu wamemwambia Kabondo kuna mtu wa gitare. Nani amesema? Amuri akatoka chumbani mwenyewe, akasema nimeacha, sina gitare. Arthur akasema, gitare iko. Tumetoa kwa nyumba ya mundele mumoja, muzungu. Muzuri, mupya. Wewe leta vidole tu, yaya, kaka yangu.

Vidole tu!


Jumatatu, 12 mwezi wa kumi

Naandika asubuhi. Jana sikuweza kushika kalamu.

Tulikwenda. Walitaka na wanawake wa mtaa waje kupiga vigelegele, basi nilisimama nyuma na Agathe, karibu na masufuria. Komanda ameketi kwenye kiti cha kanisa. Simba wengi, wamekunywa, wamevuta bangi. Wakampa Amuri kigoda na gitare. Akakaza nyuzi, akazilegeza, akazisikiliza, na nikamwona uso wake — jamani, alikuwa na furaha! Tangu orchestre ilipokufa, mwaka wa sitini na moja, sijamwona vile. Moyo wangu ukafunguka kidogo.

Akaanza.

Akaanza kwa jina.

Nyuzi zilisema lote, juu, chini, chini, juu, kama zamani kwenye kamyo. Alikuwa amefumba macho. Mimi nimelisikia jina lile uani kwangu kila siku walipokuwa wanafanya mazoezi, nalijua kama adhana. Nikamshika Agathe mkono, naye ni mtu wa Isangi, anajua lokole vizuri. Akaninong'oneza: Mama Amuri, anaita maiti.

Wimbo ukaendelea. Komanda akatikisa kichwa, akapiga makofi, ni mtu wa mbali, kwao hakuna ngoma ya kusema. Watu wakacheza. Nikadhani imepita.

Arthur peke yake hakucheza.

Muziki ulipokwisha akaja, akachuchumaa mbele ya Amuri. Mimi nimesogea, nilisikia yote. Akasema:

— Yaya. Gitare yako iko naita mutu.

— Ni muziki tu.

— Mimi ni mutoto ya Yanonge. Hapana danganya mimi. Ile mutu tuliua pale monument, na wewe unamuita aamuke acheze?

— Ni vidole. Vimezoea hivyo.

— Vidole iko ya nani?

Nikaanguka chini, nikasema baba yangu, nihurumie, huyu ndiye wa pekee. Arthur akarudi nyuma nisimguse. Halafu, sijui niseme nini, macho yake yakawa ya mtu. Akasema: Mama, simama. Hiyo orchestre ilipiga harusi ya dada yangu. Nilicheza mpaka viatu ikapasuka. Bon. Sikia. Jumatano mutoto yako anapigwa dawa. Akikuwa Simba, hakuna mutu atauliza aliita nani. Akikataa, mimi nasema kwa komanda. Kama sisemi, mwingine wa Yanonge atasema, na mimi nakufa pamoja naye.

Nilimshukuru. Nilimshukuru!


Jumatano, 14 mwezi wa kumi

Wamemchanja. Kifuani, mistari midogo pande mbili, wakasugua unga mweusi ndani. Mzee wa dawa akamwambia sasa risasi kwako ni maji. Asiguswe na mwanamke, asirudi nyuma, asitazame pembeni.

Asiguswe na mwanamke. Amerudi nyumbani, amesimama mlangoni, nami niko ndani na kitambaa cha maji moto mkononi, hatujui tufanye nini. Mwishowe ameingia akanikumbatia mwenyewe. Akasema, mama, kama dawa imekufa, ife.

Nimemuosha. Unga hautoki. Umeshaingia ndani ya nyama.


Jumatatu, 2 mwezi wa kumi na moja

Anawapigia kila Jumapili. Hapewi bunduki, anapewa gitare na chakula. Ananiletea maziwa ya kopo, sijui ya nani. Nakula, nasikia haya, nakula.

Sasa anaanza kwa kupiga uzi mmoja tu, mara moja, na kuuziba kwa kiganja. Nimemwuliza kwa nini. Anasema lazima nivishike vidole, la sivyo vinakimbia kumwita Papa Zacharie. Anasema haupendi tena muziki. Anasema zamani hakuna aliyewajua, na ndiyo ilikuwa raha yake: wanafika mahali, wanapiga, wanaondoka, mtu anabaki anauliza hao walikuwa nani. Sasa anajulikana. Akipita, watu wa mtaa wanamsalimu kwa kuogopa. Mama mmoja ameniita mama wa Simba, akaniachia nafasi yake kisimani. Sikuitaka ile nafasi. Nilichota.


Jumanne, 24 mwezi wa kumi na moja

Ndege! Alfajiri. Watu wanashuka kutoka mbinguni na miavuli upande wa uwanja wa ndege wa Simi-Simi, weupe, kama pamba. Milio kila mahali. Tuko chini ya kitanda, mimi na Amuri. Alikuwa hapa nyumbani, alhamdulillahi, alikuwa hapa.


Jumatano, 25 mwezi wa kumi na moja

Simba wamekimbia. Arthur ameuawa njiani kuelekea mtoni, Agathe amemwona, ameanguka na saa zake mbili. Sikujua nitamlilia. Nimemlilia.

Askari wa serikali wako mjini, na wazungu wa kulipwa pamoja nao. Watu wanapiga makofi tena. Makofi yaleyale.

Nilimwambia Amuri tuvuke mto, twende kwa Sébastien. Anasema mto una risasi, na ng'ambo bado ni Simba, na Simba watamuuliza kwa nini alibaki. Donc, basi, tubaki. Kubaki wapi? Upande gani?


Ijumaa, 27 mwezi wa kumi na moja

Wanapita nyumba kwa nyumba. Wanatoa wanaume nje, wanasema vua shati. Mwenye chanjo haulizwi jina, anapigwa risasi. Jana kwenye mtaa wa nyuma wamewatoa wengi, na wengine mimi nawajua, walichanjwa kwa nguvu kama mwanangu. Mama zao walisema. Hakuna aliyesikiliza mama.

Ningewaambia nini? Kwamba alipiga gitare? Watasema, ndiyo, tumesikia, aliwapigia Simba. Kwamba alichanjwa kwa sababu alimwita Papa Zacharie, mtu wa upande wao? Nani kati yao anajua lokole? Komanda yule hakusikia. Hawa nao hawatasikia.

Amuri ameniomba pasi. Ile ya mkaa.

Sikuelewa. Halafu nikaelewa, anataka niiunguze chanjo, nikasema hapana, hapana, mimi ni mama yako. Akasema ndiyo maana, mama, mimi mwenyewe nitaiangusha kabla haijamaliza. Nikamwambia kidonda kibichi watakiona. Akasema, nitasema maji ya moto, nitasema chochote, kidonda wanaweza kuuliza, chanjo hawaulizi. Na kama hawataamini?

Nimetia mkaa. Haujashika vizuri, unyevu. Ndiyo maana naandika, mikono ifanye kitu.

Nimempa kitambaa aume. Kipande cha njano, nilichukua bila kutazama. Amekikataa, amekitupa chini. Anasema ataimba.

Haimbi.

Agathe amepitia nyuma ya uzio mbio: Mama Amuri, wako kwa fundi wa viatu! Nyumba ya pili baada ya hiyo ni ya Agathe mwenyewe, halafu sisi. Namsikia sasa anarudi kwake, anafungua mlango wake wazi kabisa, anapanga viti, anapiga kelele za karibu, karibu, kwa Kifaransa chake kibovu, ili wakae kwake muda. Mungu amlipe.

Mkaa sasa ni mwekundu. Nimefunga pasi. Nimeijaribu kwa mate, imelia.

Amevua shati. Amelala chali juu ya mkeka, mikono ameilalia ili isinizuie. Mistari yenyewe ni midogo, ukiwa mbali unadhani ni mikunjo ya usingizi.

Mbwa wa Agathe anabweka.

Anasema: mama, sasa.