Mkupuo wa Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimepika tangu asubuhi. Jiko zima linanuka nta. Huu ni mkupuo wa kumi na nne — kila nikipika naandika namba chini ya kopo kwa kalamu ya wino mzito, nijue lipi lilitoka lini. Kawaida yangu ni siagi ya shea, mafuta ya nazi, nta ya nyuki, basi. Lakini wateja wa dada yangu pale saluni kwake wamechoka. Krimu nzuri, wanasema, ila nzito. Ukijipaka, nzi akitua anateleza.

Leo nimejaribu kitu kipya. Nimekata majani saba ya mshubiri nyuma ya nyumba, nikakamua ute, nikausaga kwenye blenda, nikaumimina kwenye mafuta yakiwa vuguvugu huku napiga kwa nguvu. Kwanza ikakataa kabisa. Nikatukana. Halafu ikashikana — nyeupe, laini, imeumuka! Ukipaka inazama kwenye ngozi na kuacha ubaridi. Mafuta matupu hayawezi hivyo.

Makopo arobaini na moja. La kwanza la mama, ndiyo desturi yetu. Kajipaka miguu yote miwili, kacheka kama mtoto. Kisigino cha kushoto kina mpasuko siku nyingi, sukari yake haiachi ngozi ipone. Kasema huu ute anaujua, ndio ulionirudishia uso.

Kweli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipojipaka mkorogo, nautafuta weupe wa wiki mbili. Uso ukababuka wote. Miezi minane mama alikata jani kila asubuhi na kunipaka kabla hajanywa chai. Hakuniuliza hata siku moja nilikuwa nataka kufanana na nani. Toka hapo mimi na kemikali ni paka na panya.

Alhamisi, 6 Machi

Dada kaja na boksi lake, kabeba makopo thelathini. Ameyanusa moja moja kama anachagua mchumba. Lebo zimetoka vizuri, kijani ileile ya siku zote: ASILI TUPU. HAINA KEMIKALI. Kasema kizuri chajiuza, lakini yeye atakitembeza vilevile, maana kina miguu mifupi. Dada huyu! Tumecheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Jumanne, 11 Machi

Yule mwenye duka la dawa, tunayemwita Miwani, kanisimamisha njiani. Mkewe kanunua krimu saluni. Akaniuliza naweka nini cha kuihifadhi isioze. Nikamjibu kwa sauti, watu wasikie: siweki kitu! Akasema mafuta matupu sawa, lakini mle kuna maji ya mshubiri, na penye maji wadudu hupata makazi. Hata usiowaona kwa macho. Akasema ipo dawa ya kuhifadhi, matone machache tu, haidhuru mtu.

Nimemwambia ndiyo maana yeye anauza vidonge na mimi nauza uzuri. Waliosimama pale wakacheka. Yeye hakucheka. Kavua miwani, kaifuta na shati, kaenda zake.

Maneno ya mwenye duka. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Jumatano, 19 Machi

Dada kapiga simu. Mwalimu wa chekechea katokwa na vipele shingoni na mabegani, anauliza kama aendelee kujipaka. Nimemwambia dada amjibu kama nilivyomfundisha: ni sumu inatoka. Ngozi imezoea takataka za madukani, ikipata kitu cha asili inajisafisha, wiki mbili tatu hivi, halafu inatulia. Mimi mwenyewe nilisoma mahali. Au niliambiwa. Sikumbuki.

Mama naye kisigino kinamwasha. Nimemwambia hivyohivyo. Sumu inatoka, mama, paka zaidi. Akapaka zaidi.

Jumatano, 26 Machi

Mguu wa mama umevimba mpaka kwenye kifundo. Alikuwa anauficha ndani ya soksi — soksi, na joto hili! Nimeivua kwa nguvu. Mpasuko umefunguka, kingo zake zimegeuka rangi, na kuna harufu. Nimeshtuka nikamfokea. Kwa nini hukusema? Kasema uliniambia sumu inatoka, nikawa naisubiri iishe.

Tumekwenda hospitali mchana. Wamemlaza palepale.

Ijumaa, 28 Machi

Wodi ya wanawake, kitanda cha nne kutoka mlangoni. Dripu mkononi. Daktari ni kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, lakini ana adabu. Kamwinamia mama, kamuuliza taratibu: mama yangu, hapa kwenye kidonda umekuwa ukipaka nini?

Mama kasema hapaki kitu. Maji na sabuni tu, mwanangu.

Kasema hivyo huku kanitazama mimi! Mama ambaye alinichapa nikiwa darasa la pili kwa kusema uongo wa penseli.

Muuguzi, mtu mzima mwenye sauti nzito, kamtania: bibi, mficha maradhi kifo humuumbua, sema tu kama kuna mizizi ya mganga. Mama kacheka, kasema mganga wake ni Mungu na hao madaktari. Daktari kaandika. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo, mikono nyuma. Maji na sabuni. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye faili.

Kwa nini sikusema? Nilijiambia sina uhakika. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ya kweli ni kwamba niliona aibu.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nimefungua kopo la mama. Liko nusu. Juu safi. Nikageuza kifuniko — kwa ndani kimeota manyoya ya kijivu, na pembeni madoa meusi, madogo kama ncha ya kalamu. Nimekaa chini sakafuni.

Nikafungua yaliyobaki kwangu, makopo kumi ambayo hayajaguswa. Sita yameota. Manne yanaonekana safi. Miwani alisema hata usiowaona kwa macho, kwa hiyo hayo manne ndiyo yananitisha zaidi. Nikafungua ya mkupuo wa kumi na tatu, yale mazito, mafuta matupu: hayana kitu. Safi kama siku nilipoyafunga.

Ni mimi. Si sukari, si soksi. Ute wangu mbichi, blenda yangu, majigambo yangu njiani.

Nimekwenda saluni mbio. Dada alikuwa anasuka kichwa, kaniona uso, kanivutia nyuma kwenye masinki. Nimemwambia tuyarudishe yote, tuwatangazie watu. Kaniuliza nina wazimu? Thelathini yote yameshauzwa. Hakuandika majina, nani anaandika majina ya wanunua krimu? Na tukitangaza, kesho nani atakaa kwenye kiti chake? Ana watoto watatu na baba yao hayupo. Kasema vipele vya mwalimu vimeanza kukauka. Kasema sukari inakata watu miguu kila siku, bila krimu ya mtu yeyote.

Nikamwambia: na mama?

Kafungua bomba, kanawa mikono. Halafu akasema mama anatibiwa. Dawa ni dawa. Kumwambia daktari kutabadilisha nini?

Mteja wake akaita kule mbele, shanga mkononi, nusu ya kichwa imesukwa.

Jumapili, 30 Machi

Nimemtafuta mwalimu wa chekechea mwenyewe, naijua nyumba yake. Nimemwambia aitupe. Hakukasirika. Kaniuliza: si ulisema sumu inatoka? Nikasema nilikosea. Akaniuliza nilijuaje mwanzoni kwamba ni sumu.

Mmoja. Wamebaki ishirini na tisa, na ukimtoa mke wa Miwani sijui wako wapi, wanajipaka.

Nimekwenda pia duka la dawa. Limefungwa Jumapili. Heri. Sijui ningeanzaje.

Jumatatu, 31 Machi

Homa ya mama haishuki. Daktari kanitoa koridoni. Dawa walizoanza nazo hazishiki. Wamepeleka usaha maabara, majibu yanachukua siku, na mguu hauna siku hizo. Kwa sasa anachagua dawa kwa kukisia, ndivyo alivyosema, anakisia. Vidole viwili vimeshakuwa vyeusi. Weusi ukipanda mpaka juu ya kifundo watakata chini ya goti. Kasema angejua mdudu kaingilia wapi angekisia vizuri zaidi, na maabara wangejua pa kuanzia kutafuta. Kisha akaniambia: kesho niletee kila kitu anachopaka mwilini. Kila kitu. Hata sabuni, hata mafuta ya nywele.

Nikasema sawa, daktari. Sauti haikuwa yangu.

Nikarudi kitandani. Wodi ilikuwa kimya, jirani yake kalala kaangalia ukuta. Nikamwambia mama kwa kunong'ona: ile krimu imeoza. Nilidhani atashtuka.

Kasema anajua. Siku ya kumi hivi aliona ukungu kwenye kifuniko. Akaufuta kwa kitambaa, akaendelea kupaka.

Mama! Kwa nini?

Kasema: ningeitupa ungeona. Ningekuambia ungerudi kule kwenye mawazo yako. Uliingia tu na yale makopo unacheka, nilikuwa sijakuona unacheka hivyo toka uso wako upone. Kitu cha mwanangu nitakitupaje?

Nimelia mbele ya wagonjwa wote. Yeye kanipangusa kwa mkono wenye dripu. Kisha kasema, kama anayenituma dukani: kesho ukileta vitu, leta lile kopo la zamani, lile zito. Hilo halina neno. Nikamuuliza kama amesikia habari ya kukatwa mguu. Kasema kasikia, masikio hayana sukari. Yeye ni mzee, anakaa tu, mguu anaupeleka wapi. Lakini mimi nikiandikwa kwenye faili la hospitali kwamba nimemwozesha mama yangu, hiyo haitafutika. Watu hawatasema krimu, watasema yule mtoto.

Nina hasira naye. Naandika wazi kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Nina hasira kwa sababu amenibebea uongo ambao mimi ningeubeba mwenyewe, na kwa sababu nilipomsikia, kabla ya kulia, kuna kitu ndani yangu kilishusha pumzi.

Jumanne, 1 Aprili

Saa nne asubuhi. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda. Mfuko uko miguuni. Ndani yake: sabuni ya kipande, mafuta ya nywele, mafuta mgando ambayo hajayagusa toka mwaka jana, kopo la kumi na tatu, kopo la kumi na nne. Nimebeba yote mawili. Asubuhi nilijiambia nitaamua njiani, njia ikaisha.

Makopo yanafanana. Lebo ileile, kijani ileile. Tofauti ni namba chini, na ninayeisoma ni mimi peke yangu.

Dada alikuja kwanza, kamletea mama uji wa chupa na shuka safi. Kaufunua mguu. Sikumwambia aufunue. Kautazama, kaufunika polepole. Alipokuwa anaondoka kanishika bega, nikadhani atanikumbusha watoto wake. Hakuwataja. Kaondoka kwa kutazama chini kama mtu aliyeangusha sindano.

Weusi umepanda tangu jana. Muuguzi kachora mstari kwa kalamu kwenye ngozi, waone unasogea kiasi gani. Wino mzito, kama ule ninaoandikia namba. Mstari umeshapitwa kwa upana wa kidole.

Daktari kaingia. Anaanzia mlangoni, kitanda cha kwanza. Anacheka na yule bibi wa pumu.

Mama kafumbua macho. Midomo imekauka, lakini macho makali vilevile. Kauliza umeleta? Nimeitikia. Lipi? Nikainamia daftari.

Daktari yuko kitanda cha pili.

Mama kanyoosha mkono. Anasema nimpe huo mfuko auweke chini ya shuka lake, atautoa mwenyewe, atajua atoe kipi. Anasema lete mwanangu, kwangu mimi hakuna atakayepekua.

Kitanda cha tatu. Muuguzi anafungua faili letu.

Mkono wa mama bado uko wazi. Nimemwambia asubiri, nimalize kuandika. Ndiyo maana bado naandika.