Tuliyafungulia maji, mto ukamchukua jirani

Mpendwa Mama Agneta, naomba unisikilize kwa maana hata chakula hakipiti. Mimi ni mhandisi, nimeolewa Nyakach, na kazi yangu katika kampuni ya umeme ni kupanga kila siku umeme kiasi gani utoke kwa maji ya bwawa na kiasi gani utoke kwa mitambo ya dizeli, kwa sababu maji hatuyanunui lakini huisha, na dizeli ipo lakini ni ghali, basi kompyuta hutafuta mpango wenye gharama ndogo kabisa, nao karibu kila mara ni kuyazuia maji mchana kutwa na kuyafungulia jioni Kisumu inapowasha taa. Nilikuwa nimeweka sharti kwamba maji yaachiliwe polepole, mto usipande ghafla kule chini ambako akina mama hufua, lakini kiangazi kilipokaza mkubwa wangu, Bwana Girish, akaniambia, "Naswa, toa hilo sharti, linatuchomea dizeli bure. Tutaweka kibao pale mtoni," nikalitoa, kibao hakikuwekwa, na jioni moja mto ukapanda ukamchukua Achola, jirani wa mama mkwe wangu, akisuuza nguo.

Kwenye mazishi mamake Achola alinishika mikono akasema, "Nyathina, mwanangu, asante kwa kuja." Niliporudi kazini nikaomba turudishe sharti, Bwana Girish akasema hiyo ni kukiri kosa la kampuni na nitapoteza kazi, na mume wangu Frankline anasema ninyamaze kwani aliyekufa harudi na watoto wetu bado wanasoma. Nami kila siku bado napanga yale maji. Nifanye nini?

Naswa, Kisumu

Naswa, barua yako sikuiacha ingoje zamu yake gazetini. Nilikupigia simu mara moja, na wasomaji wajue nilivyokugombeza. Unamlilia marehemu huku mkono wako ungali kwenye lango la bwawa? Machozi yako ni ya kweli, mwanangu, lakini hayazuii maji. Nilikuambia urudishe sharti kwanza, ndipo umwambie mkubwa wako, kisha umwombe chifu awatangazie akina mama wasishuke mtoni jioni.

Jana ulinipigia. Ulilirudisha. Bwana Girish alifoka, kisha akakuuliza, "Huyo mama alikuwa na watoto?" Ukamjibu watatu. Akatia sahihi dizeli iwashwe mapema, ili maji yatoke polepole. Nimeshukuru, lakini usimsifu sana, na wewe usijisifu. Hilo lilipaswa kufanyika Achola akiwa hai.

Frankline simlaumu kuogopa njaa. Ila mwambie hivi: watoto wanaosomeshwa kwa kunyamazia kifo, siku moja watauliza.

Sasa limebaki gumu. Mamake Achola bado anadhani ni mvua ya milimani iliyomwua bintiye. Nenda kwake wewe na mumeo, kabla hajasikia sokoni Katito. Usipeleke bahasha, usizungumze habari za hesabu. Mwambie maji yalifunguliwa na watu, na wewe ulikuwa mmoja wao, na kwamba akitaka kwenda kwa wakili utasimama kuwa shahidi wake. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea. Akinyamaza, keti chini pale pale, ukae naye mpaka yeye mwenyewe akuambie uende.