Justa Hapandi Mhezi

Majaliwa, nimeteremka sokoni Hedaru na kurudi sasa hivi, na nimejaa aibu.

Unamkumbuka Justa, yule mjane aliyefukuzwa kijijini Mhezi, huku mlimani, kwa madai kwamba amemloga mama mkwe wake hadi akasahau majina ya wanawe? Leo Wilbard, mwana mkubwa wa mama huyo, alimfuata kwenye meza yake ya nyanya. Nilikuwapo.

Wilbard akasema, "Shemeji, watafiti wamepima damu ya mama. Ni protini zinazogandamana ubongoni. Zilianza yapata miaka ishirini iliyopita."

Justa hakuacha kupanga nyanya. "Mimi nina miaka mingapi tangu niolewe kwenu?"

"Saba."

Saba, Majaliwa! Saba!

Justa akangoja neno la kuombwa radhi. Halikuja. Wilbard akasema tu, "Basi rudi. Mama anakataa kuogeshwa na mtu mwingine."

Justa akafuta mikono kwenye kanga. "Mama amesahau kwa sababu ni mgonjwa. Wewe uliyesimama kanisani ukanitaja kwa jina kuwa mchawi, shemeji, umesahau kwa ugonjwa gani?"

Wilbard akanigeukia mimi, mzee wa kanisa, nimsaidie.

Jumapili ile alipomtaja nilikuwa nimeketi benchi la mbele, na nilinyamaza.